Muulize Ami Fundi: Sava Inayojizima Jumatano, Kila Wiki ya Pili

Mwezi huu nimepata barua nne na zote nne zinalia kilio kimoja, sava, yani kompyuta kuu inayohudumia nyengine, inajizima wenyewe, na najua msomaji utaanza kwa kuulaani umeme. Mie sitetei mtu. Nilikuwepo Unguja ile miezi mitatu ya kiza, mwisho wa 2009 mpaka 2010, majenereta yananguruma mtaani kutwa kucha, kwa hivo najua kwa nini sisi watu wa huku kitu kikizima tu kwanza macho juu kwenye taa. Lakini safari hii nimezisoma barua zote mara mbili na umeme haumo hata kwenye moja. Tuanze na ya Pemba, mana hiyo ilininyima usingizi.

SUALI: Asalaam alaykum Ami Fundi. Mie niko Chake Chake, natizama kompyuta za duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Sava yetu ni tawa iliyotumika, ilikuja na mzigo wa Dubai, tumeiweka stoo nyuma, ina mahesabu yote na kaunta nne zinaingia humo. Tatizo inajizima ghafla, pap, bila onyo, baada ya dakika mbili tatu inajiwasha wenyewe. Umeme upo, feni za juu zinazunguka. Na cha ajabu haijizimi ovyo. Jumatano saa nne asubuhi, wiki inayofata salama, Jumatano ya pili yake saa nne ileile pap tena, imefanya hivo mara tatu. Nimebadilisha powa saplai, nimebadili ramu, nimepiga Windows upya, wapi. Halafu ikahama, siku hizi inazima Jumamosi saa moja usiku, duka limefungwa, mie naona rekodi tu asubuhi. Tajiri anasema kuna mtu anachomoa waya, na kwa kuwa Jumatano kijana wa stoo ndo hupokea saruji, keshaanza kumtizama kwa jicho jengine. Event Viewer, daftari la matukio la Windows, inaandika Kernel-Power 41 kila mara, nimesoma kwenye intaneti wanasema 41 ni powa saplai, nshanunua mpya, pesa imekwenda bure. UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, tunayo, ina mwaka na nusu tu na taa yake ni ya kijani. Nisaidie kabla kijana wa watu hajafukuzwa. — Fundi Nusu, Chake Chake

JAWABU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Kwanza nenda kamwambie tajiri amuache kijana, mana duka likishafungwa Jumamosi usiku yeye yuko kwao anakula urojo, hana mkono wa kufika huko.

Pili nikusifu, umeandika siku na saa. Hujui watu wangapi wananiandikia "inazima zima tu" na ukiwauliza lini wanajibu "ah, wakati wowote". Hakuna wakati wowote. Kitu kilichooza hufa hovyo, ramu mbovu haijui Jumatano, powa saplai mbovu haijui saa nne, vumbi halina kalenda. Kitu kinachozima kwa miadi kina saa ndani yake, na wewe ungeuliza suali moja tu kabla hujafungua pochi, kwenye ile stoo ni nani mwenye saa? Sava inayo, kweli, inaweza kuwa na kazi iliyopangwa, lakini kazi iliyopangwa huizima kwa adabu, programu zinafungwa moja moja na Windows inaandika tukio nambari 1074 na jina la aliyeamuru. Yako inakatika kama koo la kuku. Sasa mwengine mwenye saa ni nani?

Kabla sijakwambia, hilo 41 linalowatia watu hasara kila siku nilimalize. Tukio 41 haliandikwi sava inapozima, itaandika vipi na yenyewe ishakufa? Linaandikwa inapowaka tena, Windows inatizama nyuma inakuta jana haikufungwa kwa utaratibu, basi inaandika hivo. Ni kama mtu wa alfajiri aliyekuta mlango wa duka wazi, anajua kuna jambo lakini hakumuona mwizi. Na nambari 6008 ni hivohivo, inasema tu mzimiko wa saa fulani haukutarajiwa. Uzuri wa 6008 inakupa saa, na saa ndo tunayoitaka. Kwa hivo ukiona 41 usikimbilie powa saplai, jua tu kwamba moto ulikatwa au mashine iliganda kabisa, basi.

Turudi kwa mwenye saa. Wiki mbili ni siku 14. UPS nyingi za maofisini, hizo zenye akili kidogo, hujipima wenyewe betri kila baada ya siku 14. Hukata umeme wa ukutani kwa sekunde chache kwa makusudi, zikaubebesha mzigo betri, zikaangalia betri inahimili au haihimili, zikarudisha. Betri ikiwa nzima hujui kitu, labda utasikia kijimlio tik. Betri ikiwa imekufa, zile sekunde chache zinatosha kuiangusha sava chini, mana powa saplai ya kompyuta yenyewe inajishikilia kwa milisekunde chache tu, kumi na kitu, ishirini, baada ya hapo kiza. Yani mlinzi uliyemuweka akulindie mali ndo anayekuja kila wiki ya pili kukuvunjia mlango, na asubuhi anakusalimu kwa taa ya kijani.

Nilimtumia huyu bwana ujumbe kumuuliza mambo mawili tu. UPS iliwashwa lini mara ya mwisho, na ile Jumamosi ilipohamia kulitokea nini. Akajibu kwamba walipopaka rangi stoo walichomoa kila kitu wakaja wakawasha tena Jumatano, anakumbuka ilikuwa kama saa nne kwa sababu walikuwa wanasubiri chai. Na ile Jumamosi umeme ulikatika magharibi ukarudi saa moja, sava ilizima lakini hawakushughulika nayo, umeme si umekatika! Umeona? UPS ilizima pamoja nayo kwa sababu haina betri nzima ndani, ilipowaka saa moja usiku ikaanza kuhesabu siku zake 14 upya. Na hapo palikuwa na dalili ya pili mbele ya macho yao, UPS yenye mwaka na nusu haikuweza kuibeba sava hata dakika moja, na hakuna aliyeshangaa.

Sasa usiniamini mie, pima. Subiri duka lifungwe, zima sava kwa utaratibu, ichomoe kwenye UPS, mahala pake chomeka balbu moja au mbili za zamani za wati 100, zile zenye uzi ndani, za LED hazili umeme wa kutosha kukupa jawabu. Usichomeke pasi, utaiua UPS yenyewe. Halafu chomoa UPS ukutani. Balbu ikizima papo hapo au baada ya sekunde chache, betri ni maiti. Ukiwa na mita bora zaidi, betri ndogo ya volti 12 ikishapumzika baada ya kujaa huonesha karibu 12.8, ikibebeshwa mzigo ikaporomoka chini ya 10.5 hapo hapo basi ndo imekwisha, hata kama bila mzigo ilionesha namba nzuri. Betri hizi za madini ya risasi hudanganya khasa kwenye jambo hilo, na taa ya kijani ya UPS za bei rahisi mara nyingi inakwambia tu kwamba umeme wa ukutani upo.

Kwa nini imekufa ndani ya mwaka na nusu na wanasema miaka mitatu mpaka mitano? Kwa sababu hiyo miaka wanaihesabu kwenye joto la digrii 25 na wewe umeiweka stoo chini ya mabati na mifuko ya saruji, kaskazi hii humo ndani sidhani hata paka anaingia mchana. Kila digrii kumi zinazozidi hapo umri wa betri unakatika nusu. Na jengine, betri hizi hata zikikaa kwenye boksi bila kutumika zinajimaliza polepole, zinataka kuchajiwa kila baada ya miezi sita hivi, sasa hiyo yako ilisafiri kwa meli, ikakaa ghala, ikakaa dukani miezi sijui mingapi, umenunua UPS mpya yenye betri mzee. Ukinunua betri ya kubadilisha geuza utizame tarehe iliyopigwa kwenye plastiki, na mwenye duka akikunja uso mwache akunje.

Usinunue UPS nyengine, nunua betri tu, ni zile za volti 12, saa-ampea 7 au 9, tizama ya kwako imeandikwa nini. Chomoa ukutani kabla hujaifungua. Na tafadhali usije ukafanya ule ujanja wa kuifunga betri ya gari kwa nje, najua utaambiwa na watu watatu mpaka ufike Machomane. Chaja ya UPS ndogo haikutengenezwa kwa betri ile, inachemka kutwa nzima haimalizi kuijaza, na betri ya gari inatoa hewa inayoripuka, na wewe uko stoo yenye makopo ya rangi na tina. Betri kuu kuu wape wanaonunua vyuma chakavu, ina risasi, usiitupe bondeni.

Ukishaweka mpya unganisha ule waya wa USB uliokuja na UPS, naapa uko kwenye boksi haujatolewa hata kifungo chake. Ukiunganishwa, betri ikikaribia kwisha sava inaambiwa ijifunge kwa utaratibu badala ya kukatika katikati ya mahesabu. Kama tawa yako ina powa saplai mbili, moja itie kwenye UPS na moja kwenye stabilaiza ya ukutani, hapo hata UPS ikifanya wazimu sava inabaki imesimama na mguu mmoja.

SUALI: Ami Fundi, mie nina ofisi ndogo ya uhasibu Kiembesamaki. Sava mpya kabisa, si ya Dubai si ya wapi, iliwekwa mwaka huu na kijana mmoja hodari, ikafanya kazi vizuri kabisa, sasa tokea wiki iliopita inazima kila baada ya saa moja. Nikiiwasha saa mbili, saa tatu inazima. Nikiiwasha saa tano, saa sita inazima. Yule kijana hapokei simu. Fundi mwengine kasema ni joto, nimefunga eyasii ya laki kadhaa, chumba sasa baridi nakaa na mtandio na bado inazima. — Mama wa Mtandio

JAWABU: Bibie, pole, eyasii si hasara, utaitumia. Lakini joto haliwezi kuwa na saa moja kamili, leo saa moja, kesho saa moja, na chumba baridi saa moja. Lingekuwa joto ungeona asubuhi inahimili zaidi na mchana inakufa haraka, na ulipotia eyasii ingebadilika japo kidogo.

Kijana wako alipakua Windows Server ile ya majaribio. Microsoft wanaitoa bure kwa siku 180, ni halali kabisa kwa kujaribia, na siku zikisha ndo inafanya hivo unavosema, inajizima kila baada ya saa moja. Hesabu miezi tokea alivoiweka utakuta kama sita. Ukitaka ushahidi fungua Event Viewer utafute hilo tukio 1074 nililolitaja juu, utaona aliyezima anaitwa wlms.exe, huyo ndo askari wa leseni. Au andika slmgr /xpr kwenye dirisha la amri, itakwambia wenyewe kama muda umekwisha.

Cha kufanya leo ili ofisi ifanye kazi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika slmgr /rearm, zima uwashe. Hiyo inakurudishia muda, lakini ina idadi yake, si kila ukitaka. Na katika muda huo nunua leseni. Ukishapata namba yake mtu anayejua amri ya DISM anaigeuza hiyohiyo kuwa ya kudumu bila kufuta kitu, isipokuwa kama sava ndo inayoshika majina na nywila za ofisi nzima, yani domeini kontrola, hiyo haikubali kugeuzwa ikiwa katika hali ile, itabidi jukumu hilo lihamishwe kwanza. Chukua bakapu kabla ya yote. Na usikubali mtu akuuzie "kirahisi" kwa elfu ishirini, wewe ni mhasibu, unashika vitabu vya watu.

Yule kijana nadhani hapokei simu kwa sababu anajua.

SUALI: Ami, sie tuko Jambiani, hoteli ndogo ya vyumba kumi na mbili, sava yetu ya Linux inaendesha intaneti ya wageni na kamera. Iko ofisini ufukweni kabisa, dirisha linatizama bahari. Inazima usiku, mara nyengine mara mbili kwa usiku mmoja, mara nyengine wiki nzima kimya. Kusi ikivuma ndo balaa. Haijiwashi, lazima mlinzi abonyeze na siku nyengine abonyeze mara kumi ndo iwake. UPS tumepima nzima. — Mzee wa Kamera

JAWABU: Hiyo "abonyeze mara kumi" umeiandika kama jambo dogo, na jawabu lako liko humo humo.

Ikizima safari ijayo, iwashe halafu andika journalctl -b -1 -e, inakuonesha mistari ya mwisho kabla ya kufa. Ikiwa mistari imekatika katikati tu, ilikatiwa moto. Lakini mie nabashiri utakuta inaaga vizuri, huduma moja inafungwa, ya pili inafungwa, na juu yao mstari wa systemd-logind unaosema Power key pressed. Maana yake sava imeona kidole kimebonyeza swichi ya mbele, na saa nane za usiku hakuna mwenye kidole.

Ni chumvi. Swichi ya mbele ni vipande viwili vya bati na springi ndogo, upepo wa kusi unaingia na unyunyu wa bahari, unakaa humo, usiku unyevu ukipanda chumvi inalowa inapitisha umeme, sava inaona umebonyezwa. Mchana ikikauka inakuwa kutu tu, ndo mana mlinzi anabonyeza weee haiwaki. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Pima hivi. Zima, chomoa ukutani, fungua, fata waya mwembamba unaotoka kwenye swichi mpaka kwenye madabodi, uchomoe. Sasa sava haina swichi. Kuiwasha, rudisha umeme kisha gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu, au ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya madabodi yenyewe, uiambie ijiwashe umeme ukirudi. Iache hivo wiki moja ya kusi. Isipozima, nunua swichi mpya, ni kitu cha shilingi kidogo, au hata kitufe cha kengele ya mlango kinafanya kazi, mie nimeshafunga kimoja. Utaambiwa uweke HandlePowerKey=ignore kwenye mipangilio ili Linux ipuuze swichi, sawa, inasaidia kwa mbonyezo mfupi, lakini swichi ikinasa sekunde nne na zaidi madabodi inakata moto wenyewe bila kumuuliza Linux.

Na hiyo sava itoe dirishani bwana. Kama kutu imefika kwenye swichi imeshafika kwenye soketi za ramu pia, zichomoe uzisugue kwa raba ya penseli taratibu, upande wa dhahabu tu.

SUALI: Fundi, skuli yetu Wete, sava inazima mchana saa saba saa nane ikiwa na wanafunzi wengi, asubuhi haina neno. Tumeifungua kifuniko tumeiwekea feni ya mezani, inazima zaidi kuliko mwanzo. Imekuwaje? — Mwalimu wa Kompyuta

JAWABU: Hii yako mwalimu sasa ndo joto kweli, mchana na kazi nyingi, dalili zote zimekaa sawa. Lakini sava si kama kompyuta ya kawaida, ndani kuna plastiki zinazoelekeza upepo kutoka mbele kupita juu ya prosesa kutoka nyuma, ukitoa kifuniko upepo unatawanyika na prosesa inabaki bila, feni ya mezani inapuliza vumbi tu. Rudisha kifuniko leo. Kisha siku ya mapumziko ipulize vumbi, ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza, na utoe kipoza joto cha prosesa utizame ile pesti nyeupe ya kupitisha joto chini yake, kama mashine ni ya zamani utaikuta imekauka kama chokaa ya ukuta. Ifute kwa spiriti, tia nyengine kiasi cha punje ya mbaazi. Feni yoyote ambayo haizunguki sawasawa na wenzake ibadilishe kabla hujafunga.